Kituo kimefunguliwa, mlima bado

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na huu ni mwaka wa nne tangu tuhamie Denver, Colorado. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 11, wa kike ana 8. Wiki iliyopita taarifa ya habari ilionyesha watu wakiteleza kwa skii mlimani, wakipiga picha na kushangilia siku ya kwanza ya msimu. Siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimeanika nguo nje na watoto wamevaa fulana. Milima tunayoiona kutoka kwetu ilikuwa na rangi ya udongo, vilele tu ndivyo vilivyokuwa na weupe kidogo.

Tangu hapo sina amani nyumbani. Kijana anasema wenzake wote darasani wanakwenda, na yeye hajawahi hata kuzivaa hizo skii. Baba yao anaona twende mapema, kabla bei hazijapanda na watu hawajajaa. Mimi nasita. Jirani ameniambia ile theluji inatengenezwa kwa mashine, maji yanapulizwa usiku kucha. Je, hiyo ni theluji kweli, au ni dawa? Watoto wakiangukia hapo wako salama? Halafu kuna jambo naona haya kumwambia mume wangu, asije akaniona mshamba. Mama yangu alibeba maji ya mfereji kichwani mpaka uzeeni. Roho inanisuta nikifikiria kulipia watoto wangu wakacheze juu ya maji yaliyomwagwa mlimani.

Twende, au tusubiri?

Mama wa wawili, Denver

*

Marahaba, mwanangu.

Subirini. Msiende wikiendi hii wala ijayo; lengeni katikati ya Desemba. Nitakupa sababu kwa urefu, maana kijana wa miaka 11 hataridhika akiambiwa tu kwamba mama amekataa, na baba yake naye anastahili hoja, si woga.

Kwanza mfahamu kilichofunguliwa ni nini hasa. Kituo kinapotangaza mwezi Oktoba kwamba kimefunguliwa, mara nyingi ni lifti moja na njia moja. Chukua Loveland, ambayo kwenu ni karibu, maili hamsini na kitu kwa barabara ya I-70. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifungua kwa njia tatu zilizounganishwa, Catwalk, Mambo na Home Run, zinazoshuka kutoka juu ya lifti hadi chini kwa urefu unaozidi maili moja kidogo. Kina cha theluji wanachosubiri ni inchi 18, yaani sentimita 45 hivi. Huo ndio uwanja wote. Pembeni, hatua mbili kutoka kwenye weupe, kuna nyasi kavu, mawe na visiki, na kati yako na hayo mawe kuna kamba.

Sasa fikiria nani anakuja siku hiyo. Wanakuja waliokaa tangu majira ya kuchipua wakiota skii, watu waliozaliwa nazo, wenye kasi ambayo wewe utaiona na kushika moyo. Wote wanashukia njia hiyo moja, wanazunguka kwenye foleni hiyo moja ya lifti, wanashuka tena. Kufikia saa tano asubuhi ile theluji ya juu imekwanguliwa na maelfu ya kingo za chuma, pamebaki pagumu panapong'aa. Katikati ya msururu huo umweke mtoto ambaye bado hajui kusimama. Anayejifunza huanguka pale asipotarajia, na anayeshuka kwa kasi nyuma yake hana pa kumkwepea. Mimi mgongano ndio unaonitia hofu. Baridi na theluji ya mashine havinisumbui.

Arapahoe Basin, jirani wa Loveland upande wa pili wa mlima, kwa kawaida huanza na njia ya High Noon, yenye alama ya bluu, yaani ya wenye uzoefu wa kati. Wao wenyewe wamekuwa wakitangaza waziwazi siku za ufunguzi kwamba wanaojifunza hawana mahali bado. Keystone hushusha watu kwenye Schoolmarm, ambayo ni ya kijani, alama ya wepesi. Lakini njia ndefu inayoanzia kileleni haimfai mtoto siku yake ya kwanza, hata ikipakwa kijani. Na pale Loveland, eneo hasa la wanaojifunza ni Loveland Valley, liko pembeni na lina lifti zake. Hilo hufunguliwa wiki kadhaa baada ya Loveland Basin. Siku hiyo ndiyo msimu wenu utaanza. Ile mliyoiona kwenye televisheni ilikuwa ya watu wengine.

Kwa hiyo mkisoma taarifa ya kituo, msiishie kwenye neno la kufunguliwa, wala kwenye kina cha theluji, kwa sababu kina hicho huenda kimepimwa palepale mashine zilipomwaga. Someni majina. Ni lifti zipi zinazunguka? Njia zipi, na zina rangi gani? Je, sehemu ya wanaojifunza, yenye ule mkanda wa kupandia unaotembea ardhini, imefunguliwa? Shule ya kuteleza inapokea watoto? Jibu la maswali mawili ya mwisho likiwa hapana, fungeni ukurasa mkale chapati.

Sasa jirani yako na mashine zake. Hajakosea, na hakuna cha kuogopa. Ufundi huu ulianzia Connecticut mwaka 1950. Watu watatu, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, walikuwa na kiwanda kidogo cha skii, na majira ya baridi yenye ukame wa theluji yalikuwa yamewaharibia biashara. Wakachukua kompresa, mpira wa maji wa bustanini na pua ya kupulizia rangi, wakarusha maji hewani usiku wa baridi. Asubuhi kukawa na theluji chini. Mashine za leo ni kubwa, nyingine ni mafeni ya duara yanayounguruma, nyingine ni milingoti mirefu yenye tundu juu, lakini jambo lenyewe ni lilelile: maji yanapasuliwa kuwa matone madogo mno, yanasukumwa na hewa, yanaganda kabla ya kufika ardhini.

Kinachoamua kama kazi itafanyika usiku huo si baridi peke yake. Unajua maji ya mtungini yanavyopoa hata siku ya jua kali, kwa sababu yale yanayopenya kwenye udongo hukauka na kuondoka na joto. Tone lililorushwa hewani hupoa kwa njia hiyohiyo: sehemu yake hukauka, iliyobaki hupoa zaidi. Hewa ikiwa kavu, tone hukauka upesi na kupoa sana. Ikiwa na unyevu, haliwezi. Ndiyo maana mafundi wa theluji husoma kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi, na wanataka kionyeshe kama nyuzi 2 za Selsiasi chini ya sifuri au pungufu ya hapo. Usiku mkavu wa Colorado, wenye unyevu wa asilimia 30, unaweza kuwa na nyuzi 1 juu ya sifuri, na hicho kitambaa kikasoma nyuzi 3 chini. Mashine zinaunguruma. Kwingine kwenye ukungu, nyuzi 1 chini ya sifuri, mafundi wanakaa ndani wanangoja. Hiyo ndiyo siri ya Loveland na Arapahoe Basin kufungua mapema: zimekaa juu sana, chini ya lifti tu ni kama mita 3,290, na hewa yao ni kavu. Mwaka 2009 Loveland ilifungua tarehe 7 Oktoba na Arapahoe Basin tarehe 9. Miaka mingine baridi huchelewa wakafika Novemba. Hakuna tarehe ya uhakika, na anayekuambia ipo anakuuzia kitu.

Niliwahi kufanya kazi jikoni katika kituo kimoja kule kaunti ya Summit. Vijana wa zamu ya usiku walikuwa wakiingia alfajiri kunywa chai, barafu imewaganda kwenye ndevu. Mmoja alinitoa nje nione. Alinyoosha mkono chini ya yale manyunyu meupe, akaacha chembe ziangukie koti lake. Zikidunda na kuruka, alisema, theluji ni kavu, inafaa. Zikinata na kuacha unyevu, anakwenda kwenye bomba kupunguza maji. Kisha anapanda hadi mashine inayofuata, gizani, akiburuta mpira ulioganda, mpaka amalize zote, halafu anaanzia ya kwanza tena, kwa sababu joto limekwisha kubadilika. Vilima wanavyovimwaga huviita nyangumi. Huviacha vichuje maji kwanza, ndipo matrekta ya theluji huvisambaza usiku. Watoto wako wakiona kwenye picha kilima cheupe kimoja katikati ya njia ya udongo, hiyo ni kazi ya watu ambao hawakulala, na ningependa walijue hilo.

Uliuliza kuhusu dawa. Kimsingi ni maji na hewa. Vituo vingine huongeza protini inayotokana na bakteria waliokwisha kuuawa, ambayo husaidia matone kuganda mapema. Imetumika kwa miaka mingi na haitamdhuru mtoto anayeiangukia. Watoto wasiile tu, kwa kuwa maji mengi hutoka mtoni au bwawani bila kusafishwa kwa ajili ya kunywa.

Ila ugumu wake ni jambo la kuzingatia. Theluji inayoanguka yenyewe ina matawi, imejaa hewa, inabonyea. Ya mashine ni vijiduara vya barafu vinavyoshikana. Hudumu, haiyeyuki haraka, ndiyo maana vituo vinaipenda kama msingi wa msimu mzima. Lakini ukiikalia kwa kishindo, mfupa wa mkia utakukumbusha kwa wiki nzima. Mwezi Desemba ile ya asili ikishatandikwa juu ya ile ya mashine, mtoto anaanguka anacheka. Kofia ngumu iwe lazima mwezi wowote ule.

Na mwambie kijana asiwadharau wanaoteleza kwenye theluji ya mashine, wala asiambiwe na yeyote kwamba si theluji ya kweli. Olimpiki ya Pyeongchang ya 2018 ilitegemea mashine kwa sehemu kubwa sana, na ya Beijing ya 2022 karibu yote. Pale Pyeongchang aliteleza Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi akakulia Austria, akiwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Amtafute kwenye video.

Sasa maji. Usione haya kuuliza. Ni swali zito kuliko yote uliyoandika. Mtu aliyekua kwenye mifereji ya Uchagani, ambako maji yana zamu na ukichukua zamu isiyo yako wazee wanakuita, ana haki ya kuuliza nani kaidhinisha.

Kiasi chenyewe si kidogo. Kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 45 kunahitaji takribani lita milioni 2. Ni maboza 200 ya lita 10,000 kila moja, kwa hekta moja tu. Na yanachotwa wakati mbaya, kwa sababu mito ya milimani huwa imepungua sana kuanzia mwisho wa vuli: mvua za kiangazi zimekwisha, theluji mpya bado haijayeyuka. Samaki na wadudu wa mto wanabaki na kijito. Ndiyo maana tangu 1973 Colorado ina sheria inayoruhusu jimbo kumiliki haki ya maji kwa niaba ya mto wenyewe, ili kiwango fulani kibaki kinapita. Mtu wa Uchagani anaielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa: ni zamu ya mto.

Lakini maji hayo hayapotei yote. Kiasi kidogo hukauka hewani na juani; sehemu kubwa hulala mlimani mpaka majira ya kuchipua, yakayeyuka, yakarudi mtoni. Theluji inayotengenezwa Keystone hutoka kwenye Mto Snake. Ikiyeyuka inarudi humo, na Mto Snake unaingia kwenye bwawa la Dillon, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika mabwawa ya mamlaka ya maji ya Denver. Kutoka Dillon, maji hupita chini ya milima kwenye handaki la Roberts, lenye urefu wa maili 23, yakatokea upande wenu. Kwa hiyo kama bili yako ya maji inatoka kwa mamlaka hiyo, Denver Water, upo uwezekano wa kweli kwamba maji yaliyokuwa chini ya skii za mtu mwezi Novemba yakachemshiwa chai nyumbani kwako mwezi Julai. Huko ni kuazima kuliko kumwaga, ingawa mto huazimwa wakati unaumia, na umeme wa kompresa na pampu hauazimwi, unatumika ukaisha.

Msimamo wangu mimi ni huu. Naikubali theluji ya mashine inayowekwa kwenye njia chache zitakazotumika na watu wengi miezi mitano, hasa ile ya sehemu za watoto, kwa kuwa bila hiyo wanaojifunza wangeangukia mawe. Siipendi ile inayotengenezwa kwa haraka mwezi Oktoba ili kituo kimoja kiweze kusema kimemtangulia jirani yake kwa siku mbili, ikayeyuka wiki inayofuata joto likirudi, ikatengenezwa upya. Na vuli zinavyozidi kuwa na joto, usiku wa kufaa unapungua, mashinikizo ya kuukimbilia yanaongezeka. Wewe umetazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tangu utotoni. Barafu ya kule imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Hilo swali lako la maji mwambie mume wako. Halina ushamba wowote. Mkisubiri hadi Desemba hamtakuwa miongoni mwa wanaoilipia mbio hiyo ya Oktoba, na hata hilo lina uzito wake.

Baba ana hoja moja nzuri, ya bei. Pasi za msimu kweli hupanda kadiri baridi inavyokaribia. Lakini kununua mapema na kwenda mapema ni mambo mawili. Kabla hajatoa pesa, aulizie pasi ya watoto inayouzwa na chama cha vituo, Colorado Ski Country USA. Ni ya watoto wa darasa la 3 hadi la 6, ina siku chache kwa kila kituo mwanachama, na Loveland ni mmoja wao. Kwa umri wa watoto wako, huenda wote wawili wanaingia humo. Skii na viatu msinunue. Maduka mengi ya Denver hukodisha vya watoto kwa msimu mzima, na miguu ya mtoto wa miaka 11 haingoji mwaka wa pili. Suruali za jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazizuii baridi.

Gari pia mliangalie. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, barabara ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero ina sheria ya matairi: yawe ya theluji au yenye alama ya matope na theluji, na meno yake yasipungue milimita 5 hivi, la sivyo mbebe minyororo. Trafiki hawataki kusikia kwamba Denver kulikuwa na jua.

Na mwinuko. Watoto watalala Denver kwenye mita 1,600, waamke, na katika muda wa saa moja na kitu wawe mita 3,290. Kule kwenu Kilimanjaro hiyo ni juu ya kambi ya Mandara, unaelekea ya Horombo, na waongozaji hawawezi kukuruhusu upande huko kwa asubuhi moja. Maji mengi ya kunywa tangu jana yake, mafuta ya jua, mapumziko kila saa. Akilalamika kichwa kinauma na kichefuchefu, msimbembeleze amalizie njia, shukeni.

Kijana mpe kazi ili kungoja kusiwe adhabu. Kila jioni afungue taarifa ya kituo mtakachochagua, aandike lifti zilizofunguliwa na joto la usiku uliotangulia, akufundishe wewe. Mkitaka kuigusa theluji ya mashine bila kupanda mlima, bustani ya Ruby Hill hapohapo Denver imekuwa ikiwekewa theluji hiyo tangu 2007, kwa kawaida mwezi Januari baridi ikikubali, na kuingia ni bure. Vyuma vya kurukia vya pale ni vya wenye uzoefu, msimruhusu avijaribu, lakini kuitazama na kuishika hakuna gharama.

Siku eneo la wanaojifunza litakapofunguliwa, mwekeeni nafasi ya somo siku ya katikati ya wiki wakati wa likizo ya shule, kabla ya Krismasi yenyewe kufika. Weka nafasi tatu, yake, ya dada yake na yako. Baba yao akishaona mmesimama, ya nne ataitafuta mwenyewe.

Shangazi